Uhalali wa Hoja na Mtoto wa Shule ya Msingi

Mtoto akiandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, darasa zima humsahihisha kabla mwalimu hajafungua kinywa. Lakini mtoto huyo huyo akisema, "Fulani ana hatia kwa sababu anaogopa," wenzake hutikisa vichwa kukubali, na mara nyingine mwalimu naye hutikisa. Kosa la kwanza hufutwa kwa kifutio likasahauliwa. Kosa la pili laweza kumvunjia mtu heshima, na huko nje ya lango la shule laweza kumtoa uhai. Pamoja na hayo, la kwanza tumelitengea vipindi kila siku ya juma, na la pili tumeliacha lijirekebishe lenyewe.

Nimefundisha kwa miaka kadhaa katika shule ya msingi iliyo karibu na soko la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na baadaye nikawa nikiwasimamia wanachuo wanaofika mjini kwa mazoezi ya kufundisha. Katika maandalio ya masomo niliyoyakagua, mara nyingi nimekuta lengo lililoandikwa hivi: "Mwanafunzi aweze kutoa hoja." Ni mara chache sana nimekuta maelezo ya namna mwalimu atakavyojua kwamba hoja iliyotolewa inashikamana. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi katika jambo hilo moja: kuelewa ni nini kinachoifanya hoja iwe halali, na namna ya kumfikisha mtoto kwenye ufahamu huo kwa Kiswahili chepesi na kwa mifano anayokutana nayo njiani aendapo shuleni.

Jambo hili si pambo la wasomi. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaja akili ya kudadisi kuwa miongoni mwa mambo ambayo elimu yapaswa kumjengea mtoto, pamoja na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyageuza yale asiyoyahitaji. Mtu hawezi kukataa jambo kwa busara ikiwa hana kipimo cha kukatalia.

Kiunzi cha hoja

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Hoja, kwa maana tunayoitumia hapa, si ubishi wala makelele. Ni mkusanyiko wa kauli ambamo kauli moja hudaiwa kutokana na nyingine. Zile zinazotangulia na kutegemewa tuziite misingi. Ile inayodaiwa kutokana nazo tuiite hitimisho.

Sasa tazama hoja hii, ambayo nimekuwa nikiiandika ubaoni siku ya kwanza:

Kila embe ni tunda.
Kila embe dodo ni tunda.
Kwa hiyo, kila embe dodo ni embe.

Ukiwauliza watoto kama hoja hii ni nzuri, watajibu kwa sauti moja kwamba ni nzuri. Hawana lawama, kwa kuwa kauli zote tatu ni za kweli na hakuna mtu wa Kariakoo asiyelijua dodo. Mwalimu asiseme neno. Achukue kifutio, afute "embe dodo" kila mahali lilipoandikwa, na mahali pake aandike "papai":

Kila embe ni tunda.
Kila papai ni tunda.
Kwa hiyo, kila papai ni embe.

Darasa litacheka, na katika kicheko hicho somo limekwisha kuingia. Misingi yote miwili bado ni ya kweli, bali hitimisho limekuwa la uongo mtupu. Kilichobadilika ni jina la tunda tu. Kiunzi cha hoja ni kile kile. Basi ikiwa kiunzi hicho chaweza kututoa kwenye ukweli na kutufikisha kwenye uongo, hatuwezi kukitegemea hata siku ile kilipotufikisha salama. Dodo ni embe, naam, lakini hatukulijua hilo kutokana na misingi tuliyopewa. Tulilijua sokoni.

Linganisha na hoja hii nyingine:

Kila embe ni tunda.
Kila embe dodo ni embe.
Kwa hiyo, kila embe dodo ni tunda.

Wape watoto ruhusa ya kubadili majina wapendavyo. Siku moja kikundi kimoja kiliniletea hii: kila papai ni samaki, kila kiti ni papai, kwa hiyo kila kiti ni samaki. Hakuna kauli hata moja ya kweli humo. Hata hivyo, lau papai zote zingekuwa samaki, na viti vyote vingekuwa papai, viti visingekwepa kuwa samaki. Kiunzi hakikuvunjika.

Hapo ndipo tunapopata maana tunayoitafuta. Hoja ni halali iwapo haiwezekani misingi yake yote iwe ya kweli na papo hapo hitimisho lake liwe la uongo. Na njia ya kuipima hoja unayoitilia shaka ni hii: shika kiunzi, badili maneno, utafute mfano ambao misingi yake ni ya kweli na hitimisho lake ni la uongo. Ukiupata mfano mmoja tu, hoja imeanguka. Maarifa haya ni ya kale. Aristotle wa Ugiriki, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alitumia herufi badala ya majina ya vitu ili kiunzi kionekane kitupu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaendeleza kwa Kiarabu, lugha iliyotupa neno letu mantiki. Mwalimu wa Darasa la Tano hana haja ya herufi hizo. Embe na papai zamtosha.

Watoto wa Kariakoo wana neno la kuwasaidia kushika jambo hili, nalo ni lumbesa. Wanajua kwamba gunia la mazao lina kiwango chake, na kwamba kuna walanguzi wanaolijaza kupita kiwango, wakalishonea kilemba juu, kisha wakamlipa mkulima bei ya gunia moja. Nimewaambia watoto kwamba misingi ya hoja ni gunia, na hitimisho ni kile tunachodai kimo ndani yake. Hoja halali haidai kitu kisichokuwamo guniani. Hoja batili ni lumbesa: hitimisho limefura kupita misingi, na kilemba kile cha juu hakikulipiwa na mtu.

Ukweli na uhalali ni vitu viwili

Hapa ndipo wanachuo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo yafaa twende polepole. Uhalali ni sifa ya muungano baina ya misingi na hitimisho. Ukweli ni sifa ya kauli moja moja. Hoja yaweza kuwa halali na misingi yake ikawa ya uongo, kama tulivyoona kwa papai na samaki. Hoja yaweza kuwa batili na kauli zake zote zikawa za kweli, kama tulivyoona kwa dodo. Mchanganyiko mmoja tu hauwezekani kabisa: hoja halali, misingi ya kweli, hitimisho la uongo.

Mtoto aweza kuuliza, "Kama hoja halali yaweza kuwa na uongo, ina faida gani?" Ni swali la haki. Chukua hoja hii, ambayo watu wazima huitoa katika mitaa ya katikati ya jiji kila wanapoonyeshwa ufa ukutani:

Jengo lisilo salama haliwezi kusimama.
Jengo hili limesimama.
Kwa hiyo, jengo hili ni salama.

Ipime kwa kubadili maneno, nawe hutaiangusha. Kiunzi chake ni kizima. Lakini tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Tarehe 15 jengo hilo lilikuwa limesimama. Miaka 11 kabla yake, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Nalo lilikuwa limesimama siku iliyotangulia. Kwa hiyo kauli ya kwanza ni ya uongo: jengo lisilo salama laweza kusimama, tena kwa muda mrefu.

Faida ya uhalali ndiyo hii. Hoja inapokuwa halali na hitimisho likawa la uongo, twajua kwa yakini kwamba kosa limo katika misingi, nasi twaenda kulitafuta humo. Anayeielewa hoja ya jengo hapotezi wakati kubishana juu ya hitimisho. Huuliza moja kwa moja: nani amekuambia kwamba jengo bovu haliwezi kusimama? Swali hilo moja laweza kumfikisha mhandisi mahali ambapo ubishi wa siku nzima usingemfikisha.

Basi kuna maswali mawili, na mtoto azoezwe kuyauliza kila moja kwa wakati wake. La kwanza: je, hitimisho linatokana na misingi? La pili: je, misingi ni ya kweli? Hoja inayopita maswali yote mawili ndiyo ya kutegemewa. Mwalimu wa mantiki husaidia kujibu la kwanza. La pili hujibiwa na mwalimu wa sayansi, wa jiografia, wa historia, na pengine na mtu aliyekwenda kutazama kwa macho yake.

Maji ya Jangwani

Viunzi vinavyotumika zaidi katika maisha ya kila siku ni vile vinavyoanza na "kama" au vyenye "-ki-" ya masharti. Watoto wa Kariakoo hawakosi mfano. Upande wa magharibi wa mtaa wao kuna bonde la Jangwani, upitapo Mto Msimbazi. Tuchukulie kauli hii kuwa msingi wetu: mvua kubwa ikinyesha Kariakoo, maji hujaa Jangwani. Kutokana na msingi huo, watu hutoa hoja za namna nne.

Ya kwanza: mvua kubwa imenyesha Kariakoo, kwa hiyo maji yamejaa Jangwani. Hii ni halali.

Ya pili: maji hayakujaa Jangwani, kwa hiyo mvua kubwa haikunyesha Kariakoo. Hii pia ni halali, ingawa watoto huichelewa, kwa kuwa yarudi kinyumenyume. Mwalimu awape muda. Waulize: ingekuwa imenyesha, maji yangekuwaje?

Ya tatu: maji yamejaa Jangwani, kwa hiyo mvua kubwa imenyesha Kariakoo. Hii si halali. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu. Mvua yaweza kunyesha huko juu, na maji yakashuka hadi Jangwani hali Kariakoo ni vumbi tupu.

Ya nne: mvua kubwa haikunyesha Kariakoo, kwa hiyo maji hayakujaa Jangwani. Hii nayo si halali, kwa sababu hiyo hiyo ya Pugu.

Msomaji asiione ya nne kuwa mchezo wa maneno. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande baada yake. Mzazi anayeishi bondeni akitazama mbingu nyeupe juu ya Kariakoo na kulala bila wasiwasi, amelala juu ya hoja ya nne. Maji hayamuulizi mtu alikuwa na sababu gani.

Kwa watoto wadogo zaidi, methali hufanya kazi ile ile. Tunawafundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni vema kuwafundisha. Kisha waulize: Juma amevunjika guu, je, Juma hakusikia la mkuu? Mara mmoja atasema kwamba huenda Juma aligongwa na pikipiki. Mtoto huyo amekwisha kuiangusha hoja ya tatu kwa akili yake mwenyewe, bila kuhitaji jina lake la kitaalamu.

Fedha zilizopotea

Sasa nieleze tukio lililonionyesha kwamba mafunzo haya yana kazi nje ya ubao. Darasa la Tano nililokuwa nikilifundisha lilipotelewa na shilingi elfu tano za mchango wa karatasi za mtihani, zilizokuwa mikononi mwa kiranja. Nilipoingia darasani nilikuta shauri limekwisha kukatwa. Mtoto mmoja, mgeni shuleni, alikuwa amesimama karibu na dirisha akitetemeka na machozi yakimlengalenga. Wenzake walikuwa na ushahidi mmoja tu, nao waliurudia kwa kupokezana: "Mtazame, Mwalimu, anaogopa!"

Sikuwahutubia. Niliandika ubaoni yale waliyoyasema, kwa mpangilio waliouzoea:

Aliyeiba huogopa.
Huyu anaogopa.
Kwa hiyo, huyu ameiba.

Nikauliza, "Hii ni hoja ya ngapi?" Pakawa kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Ya tatu, Mwalimu. Ni maji ya Pugu."

Nikawataka watafute Pugu nyingine: hofu yaweza kutoka wapi, mbali na wizi? Wakataja moja moja, nami nikiandika. Anaogopa fimbo. Ni mgeni, hana rafiki. Huenda alisingiziwa alikotoka. Mtu yeyote akizungukwa na watoto arobaini ataogopa. Orodha ilipokuwa ndefu, mvulana mmoja aliniuliza swali ambalo nalikumbuka kuliko majibu yote ya siku ile: "Mwalimu, kwa hiyo hakuiba?"

Kila mwalimu anayefundisha uhalali wa hoja ajiandae kwa swali hili, maana humo mna kosa la pili lililojificha nyuma ya la kwanza. Hoja batili haifanyi hitimisho lake kuwa la uongo. Dodo ni embe hata baada ya hoja yake kuanguka. Nilimjibu kwamba hatukuthibitisha kuwa aliiba, wala hatukuthibitisha kuwa hakuiba. Tulichothibitisha ni kwamba hatujui. Na kwa kuwa hatujui, hatuna haki ya kumwadhibu.

Fedha zile hazikuonekana, wala sikujua kamwe zilikwenda wapi. Mtoto yule aliketi mahali pake, na kipindi kikaendelea. Wako watakaosema kwamba somo lisilompata mwizi halikufanikiwa. Mimi naliona kuwa limefanikiwa, kwa kuwa darasa lilikaa na kutojua kwake bila kumtafuta mtu wa kulitulia.

Kuketi na kutojua ni jambo gumu hata kwa watu wazima. Kila mkazi wa katikati ya jiji ameisikia sauti ile: "Mwizi! Mwizi!" Anayekimbia hukamatwa kwa sababu anakimbia, na mara nyingine hupigwa kabla hajaulizwa jina. Hoja ya umati ni ile ile ya darasani: mwizi hukimbia, huyu anakimbia. Lakini sokoni hukimbia pia aliyechelewa basi, mchukuzi anayemfuata mwenye mzigo, na mtu aliyeogopa kuona wengine wakikimbia. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka itakapothibitika kwamba ana hatia. Sheria hiyo hukaa salama pale tu ambapo wananchi wanajua kuthibitisha ni nini.

Mtoto asiyekubali kuchukulia

Mwalimu atakutana na kikwazo kingine. Atasema, "Kila samaki wa ziwa fulani ni mwekundu, huyu ni samaki wa ziwa hilo, ana rangi gani?" Naye mtoto atajibu, "Sijui, sijafika huko."

Jibu hili lina historia. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kirusi, Alexander Luria, aliwauliza wakulima wa Uzbekistan swali la namna hiyo: huko Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani pako Kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wa wale ambao hawakupata kusoma shule walikataa kujibu, wakisema kwamba hawakupata kuwaona dubu hao na hawazungumzii wasichokiona. Waliokwishapata masomo, hata ya muda mfupi, walijibu kwa urahisi zaidi.

Mwalimu asiharakishe kusema kwamba wakulima wale hawakuwa na mantiki. Walijibu swali la pili, la ukweli wa misingi, hali waliulizwa la kwanza. Tena jibu lao lina mantiki yake: tusichokiona hatukisemi, dubu hao hatujawaona, kwa hiyo hatuwasemi. Mtoto anayesema hajafika ziwani naye asikemewe, kwani uaminifu huo tutauhitaji siku ya fedha kupotea. Kinachotakiwa ni kumwonyesha kwamba kuna mchezo mwingine unaoitwa "tuchukulie kwamba".

Mchezo huo anaujua tayari. Bibi anaposema "Paukwa," naye akaitika "Pakawa," amekwisha kukubali kwamba sungura husema na fisi huoa. Hamuulizi bibi kama alikuwapo. Nami nimeona kwamba mtoto aliyegoma kujibu juu ya samaki wa ziwani hujibu mara moja nikianza kwa kusema, "Katika nchi ya hadithi, kila samaki ni mwekundu." Mlango wa mantiki kwa mtoto wetu ni hadithi, na mwalimu autumie bila haya.

Maneno madogo ya kuangaliwa

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, mwalimu wetu ana bahati ya kufundisha mantiki kwa lugha anayoitumia mtoto anapobishana. Lakini lugha hiyo ina mitego yake, nami nataja mitatu.

Mtego wa kwanza ni "-ote" pamoja na ukanushi. Tukisema, "Wafanyabiashara wote hawakulipa ushuru," mmoja ataelewa kwamba hakuna aliyelipa, na mwingine kwamba baadhi walilipa na baadhi hawakulipa. Wazoeze watoto kuchagua: "Hakuna mfanyabiashara aliyelipa," au "Si wafanyabiashara wote waliolipa."

Mtego wa pili ni neno "tu". "Wenye tiketi tu ndio watakaoingia" haina maana kwamba kila mwenye tiketi ataingia. Gari likijaa, mwenye tiketi atabaki nje, na kauli ile itakuwa bado ya kweli.

Mtego wa tatu ni ahadi zetu wenyewe. Tunasema, "Ukimaliza kazi, nitakupa kalamu," nasi twakusudia pia kwamba asipomaliza hatapewa. Mtoto huzoea kusikia masharti mawili katika kauli moja, kisha huyapeleka makazoea hayo Jangwani na kutoa hoja ya nne. Si ujinga wake; ametusikiliza sisi. Mwalimu aseme yote mawili anapoyakusudia yote mawili.

Namna ya kuendesha somo

Zana hazina gharama. Okota maboksi matupu, ambayo Kariakoo hayakosekani, ukate kadi nne kwa kila kikundi. Kila kadi iwe na herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zipange mezani zionyeshe A, K, 4 na 7. Kisha toa kanuni: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, ina namba shufwa upande wa pili. Swali ni hili: ni kadi zipi ambazo ni lazima zigeuzwe ili tujue kama kanuni imevunjwa?

Jaribio hili lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, mwaka 1966, na watu wazima wachache sana hulipatia mara ya kwanza. Wengi hugeuza A na 4. Jibu ni A na 7. Nyuma ya A kukiwa na witiri, kanuni imevunjwa. Nyuma ya 7 kukiwa na irabu, imevunjwa vile vile. Lakini kadi ya 4 haina la kutuambia, kwa kuwa kanuni haikukataza konsonanti kuwa na shufwa. Baada ya watoto kuhangaika, warudishe Jangwani: A ni mvua iliyonyesha, 7 ni bonde kavu, 4 ni bonde lililojaa, na K ni siku isiyo na mvua. Hoja ya kwanza na ya pili ndizo kadi za kugeuza.

Vipindi vitatu au vinne vyatosha kwa mwanzo. Kipindi cha kwanza kiwe cha embe na papai. Cha pili, cha Jangwani na methali. Cha tatu, cha kadi. Baada ya hapo somo lisiwe na kipindi chake, bali liingie katika masomo yote. Katika Hisabati, mtoto aulizwe hatua gani inamruhusu kwenda hatua inayofuata. Katika Sayansi, aulizwe kama matokeo aliyoyaona yaweza kuwa na chanzo kingine. Katika Kiswahili, barua ya gazeti isomwe na kuvuliwa maneno yake hadi kiunzi kibaki.

Mwalimu naye ajue kwamba mafunzo haya hayamwachi nje. Ukisema mbele ya darasa hilo, "Wanaofaulu huwahi shuleni, basi wewe unayewahi utafaulu," atatokea mmoja wa kukuambia kwamba hiyo ni hoja ya tatu. Atasema kwa adabu, huku amesimama, na wenzake watakutazama waone utafanya nini. Mpe chaki aje aiandike ubaoni.